Maswali ya Wasomaji: Ni konferensi ipi ya futiboli ya vyuo vya Marekani inayotazamwa zaidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu wewe pamoja na wote wanaotuandalia jarida hili. Mimi ni mkazi wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, na tangu utoto wangu ni mfuasi wa klabu ya kandanda ya Saint-Éloi Lupopo. Mwana wa dada yangu anasoma katika jimbo la Ohio huko Marekani, na kijana wa jirani yangu anasoma Georgia. Tangu vijana hao waondoke, sisi wazee wawili tumejifunza kufuatilia kwa simu futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, na kila Jumapili baada ya misa tunabishana. Jirani yangu anasema konferensi ya SEC ndiyo inayotazamwa zaidi kwenye televisheni, kwa sababu fainali yake ya mwaka 2024 ilipata watazamaji milioni 16.6 wakati ile ya Big Ten ilipata milioni 10.5. Mimi namjibu kwamba mwaka 2025 fainali ya Big Ten ilipita milioni 18, na ya SEC ikabaki karibu na milioni 17. Tafadhali utuamulie: ni nani kati yetu aliye na haki?
Msomaji wa komini ya Kenya, Lubumbashi

JIBU: Mzee wetu, takwimu mlizozitaja ni za kweli zote, na ndiyo maana ubishi wenu hauwezi kwisha kwa kuzirudia kila Jumapili. Kila mmoja wenu ameshika mechi moja ya mwaka mmoja akaifanya ushahidi wa konferensi nzima. Nitaeleza kwa urefu jinsi takwimu hizo zinavyopatikana, kwa kuwa mtu akishajua namba imetoka wapi anaweza kuona mwenyewe kama inajibu swali lake, kisha nitasema maoni yangu bila kuyaficha.

Kwa wasomaji wasioufuata mchezo huo, konferensi ni kundi la vyuo vikuu vinavyoshindana katika ligi moja, vinavyouza haki za televisheni kwa pamoja na kugawana mapato yake. Big Ten ndiyo ya zamani zaidi kati ya zile kubwa: ilianzishwa mwaka 1896, na ingawa jina lake linataja kumi, tangu mwaka 2024 ina vyuo 18. SEC, iliyoanzishwa mwaka 1932 na vyuo vya kusini, ina vyuo 16 baada ya kuwapokea Texas na Oklahoma mwaka huohuo wa 2024. ACC ilizaliwa mwaka 1953, na Big 12 ilianza kucheza mwaka 1996. Zamani NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichoshika haki zote za televisheni na kuweka kikomo cha mara ambazo timu moja ingeweza kuonyeshwa, hadi mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, kwa majaji saba dhidi ya wawili, kwamba utaratibu huo ulivunja sheria za ushindani. Kuanzia hapo vyuo na konferensi vikawa wauzaji wa mechi zao wenyewe, na idadi ya watazamaji ikawa kama bei iliyobandikwa kwenye bidhaa.

Sasa tuangalie hizo fainali. Wewe na mimi tunakumbuka Desemba 2010, TP Mazembe, mahasimu wetu wa hapa Lubumbashi, ilipocheza na Inter Milan huko Abu Dhabi katika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Hata sisi wa Lupopo tulikaa mbele ya televisheni, mioyo ikitudunda kwa ajili ya jina la Kongo. Kama mtu angewahesabu watazamaji wa Lubumbashi wa siku ile, kisha akasema kwamba hao ndio wanaotazama ubingwa wetu wa taifa kila wiki, tungemwambia kwamba amechanganya mambo. Fainali ya SEC ya 2024 ilizikutanisha Georgia na Texas, timu mbili zenye wafuasi nchi nzima, na ikaamuliwa katika muda wa nyongeza kwa 22 kwa 19. Fainali ya Big Ten ya mwaka huo ilikuwa kati ya Oregon, iliyokuwa katika mwaka wake wa kwanza ndani ya konferensi hiyo, na Penn State. Mwaka uliofuata Big Ten ikapata bahati ambayo konferensi hungoja kwa miaka mingi: Ohio State na Indiana, ya kwanza na ya pili katika orodha ya taifa, zote mbili zikiwa hazijapoteza mechi hata moja. Kwa hiyo tofauti kati ya milioni 10.5 na milioni 18 inatueleza habari za mechi hizo mbili kuliko inavyotueleza habari za konferensi.

Tena kuna jambo la kipimo chenyewe, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ndiko wengi wanakoteleza. Kampuni inayopima watazamaji huko Marekani inaitwa Nielsen. Kwa miaka mingi imetegemea sampuli ya nyumba zilizokubali kufungiwa vifaa vya kupimia, ambazo leo ni zaidi ya 40,000 zenye watu takribani 100,000, na kutokana na hao inakadiria mwenendo wa nchi nzima. Namba inayotangazwa haimaanishi watu wote waliochungulia mechi. Ni wastani wa watu waliokuwa wakitazama katika kila dakika, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyetazama nusu ya kwanza kisha akaenda kulala anahesabiwa kama nusu ya mtu, tukisema kwa lugha rahisi. Ndiyo maana mechi iliyoegemea upande mmoja huadhibiwa na kipimo hiki. Mnamo Januari 2023 Georgia iliishinda TCU, chuo cha Big 12, kwa 65 kwa 7 katika fainali ya taifa, na wastani ukawa milioni 17.2. Mwaka uliofuata, Michigan ya Big Ten ilipocheza na Washington, wastani ulifika milioni 25. Kuna waliosema kwamba Big 12 haina watazamaji kwa sababu ya ile ya kwanza. Mimi nasema kwamba watu walizima televisheni kwa sababu mechi ilikuwa imekwisha kabla ya mapumziko.

Halafu, nani anahesabiwa? Hapa kwetu umeme ukikatika siku ya dabi ya Mazembe na Lupopo, watu ishirini hukusanyika kwa jirani mwenye jenereta, na wengine hujaa katika baa za Kamalondo. Mpimaji anayehesabu kila mtu nyumbani kwake tu angewakosa wote hao. Huko Marekani kosa hilo lilikuwepo kwa muda mrefu: watazamaji wa baa, mikahawa na nyumba za watu wengine walianza kuingizwa katika hesabu ya taifa mwaka 2020, na hata hapo ni sehemu ya nchi tu iliyopimwa, mpaka Februari 2025 hesabu hiyo ilipopanuliwa kufikia majimbo yote 48 ya bara. Kisha mnamo Septemba 2025 Nielsen ilibadili njia yake rasmi, ikaunganisha sampuli yake ya zamani na taarifa zinazotoka moja kwa moja katika visimbuzi na televisheni za kisasa za nyumba takribani milioni 45. Matokeo yake ni kwamba michezo mingi ilionekana kupanda. Mama anayeuza unga sokoni akibadili kopo la kupimia akaleta kubwa zaidi, hatuwezi kusema kwamba mwaka huu watu wanakula zaidi kabla hatujalinganisha makopo. Ohio State na Michigan walipata milioni 12.3 mwaka 2024 na milioni 18.4 mwaka 2025. Sehemu ya ongezeko hilo ni ya mchezo, na sehemu nyingine ni ya kopo. Wewe, mzee, ulipolinganisha fainali za mwaka uleule mmoja ulifanya vizuri, na jirani yako vilevile. Kosa lingekuwa kuichukua namba ya 2025 na kuiweka kando ya ile ya 2024 kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Jambo la tatu ni chaneli. ABC, CBS, NBC na FOX hupatikana bure kwa antena karibu katika kila nyumba yenye televisheni, na nyumba hizo ni takribani milioni 125. ESPN hulipiwa, na nyumba zinazoilipia zimepungua kutoka milioni 100 hivi mwaka 2011 hadi chini ya milioni 70. Mechi ileile, kwa saa ileile, ikihamishwa kutoka ABC kwenda ESPN inaingia uwanjani ikiwa tayari imepoteza karibu nusu ya milango. Tangu mwaka 2023 Big Ten imeziuza mechi zake kwa FOX, CBS na NBC kwa mkataba wa miaka saba unaozidi dola bilioni 7, na ikaachana na ESPN kabisa. SEC ilifanya kinyume chake: kuanzia 2024 mechi zake zote ziko mikononi mwa kampuni moja inayomiliki ABC na ESPN. Maana yake ni kwamba ugomvi wa kibiashara unaweza kuiumiza konferensi moja na kuiacha nyingine salama. Mwaka 2025, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, ABC na ESPN ziliondolewa kwenye YouTube TV, huduma ya kulipia inayoleta chaneli za televisheni kwa intaneti, yenye wateja wapatao milioni 10, kwa sababu pande hizo mbili hazikukubaliana juu ya malipo. Kwa Jumamosi mbili wateja hao hawakuweza kuitazama SEC kwa njia yao ya kawaida, wakati mechi za Big Ten zilikuwa zikionyeshwa kama desturi. Anayechukua Jumamosi hizo mbili na kusema kwamba mapenzi ya watu kwa SEC yalipungua anawadhulumu watu ambao hawakuwa na la kufanya.

Saa nayo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Sisi wa Lubumbashi tunajua kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na kwamba kipindi kinachoanza kwao mapema kwetu kinakuta watoto wamekwisha kulala. Marekani, kati ya New York na Los Angeles pana tofauti ya saa tatu, na takribani robo tatu ya watu wanaishi katika kanda mbili za mashariki. FOX ilianza mwaka 2019 kuweka mechi yake kubwa saa sita mchana kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni kabla ya mabadiliko ya saa yao ya Novemba. Huko California, mchana huo ni saa tatu asubuhi. Mechi za saa tisa na nusu alasiri zinawafaa wote, na za usiku zina watazamaji wengi walio nyumbani, lakini hushindana zenyewe kwa zenyewe. Fainali ya SEC huchezwa alasiri ikiwa na nafasi pana. Ile ya Big Ten huanza saa mbili usiku kwa saa zao, wakati mmoja na fainali ya ACC iliyo kwenye ABC. Kuwa na milioni 18 ukiwa na mshindani pembeni si sawa na kuwa nazo ukiwa peke yako, na hoja hii naitoa kwa ajili yako wewe wa Big Ten, kwa sababu haki lazima itendeke pande zote.

Kuna pia mechi zinazovuka mipaka. Mnamo tarehe 30 Agosti 2025, Texas ya SEC ilikwenda kucheza nyumbani kwa Ohio State ya Big Ten, na FOX ikapata watazamaji milioni 16.6. Hao ni wa nani? Kuna orodha zinazowapa Big Ten kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyumbani na ndiyo yenye mkataba na FOX, kuna zinazowahesabu mara mbili, na kuna zinazoitupa mechi yote nje. Hata Army na Navy, timu za vyuo vya kijeshi ambazo leo zote ni za konferensi moja ndogo iitwayo American, hukutana Desemba katika mechi ambayo kwa makusudi haihesabiwi kuwa ya konferensi; ukiiingiza, wastani wa konferensi hiyo unapanda ghafla, kwa kuwa wiki hiyo karibu hakuna mechi nyingine ya kutazama.

Mwisho wa upande huu wa hesabu, nakuomba uuogope wastani. Tuseme, kwa mfano tu, konferensi moja ina mechi tano, moja ikitazamwa na watu milioni 10 na nne zikitazamwa na milioni 1 kila moja. Wastani wake ni milioni 2.8. Nyingine ina mechi tano za milioni 2.5 kila moja. Kwa wastani ya kwanza imeshinda, ingawa katika wiki nne kati ya tano ya pili ndiyo iliyojaza sebule za watu. Ni afadhali kuzipanga mechi zote kuanzia kubwa hadi ndogo na kuiangalia ile iliyo katikati. Jumla nayo hupotosha, kwa sababu konferensi ya vyuo 18 ina mechi nyingi kuliko ya vyuo 16, na kila timu ya Big Ten imekuwa ikicheza mechi tisa za ndani wakati za SEC zilicheza nane, kabla ya SEC kuamua kuingia tisa kuanzia mwaka 2026. Mechi inayochukua nafasi ya ile ya tisa mara nyingi ni dhidi ya chuo dhaifu, na watazamaji wake ni wachache.

Basi, uamuzi wangu ni huu. SEC na Big Ten ziko mbali mbele ya ACC na Big 12, na hapo hakuna kipimo ninachokijua kinachopindua mpangilio huo. Kati ya hizo mbili, mwaka 2024 nampa haki jirani yako: Georgia na Texas zilipokutana Oktoba zilipata milioni 13.2, na Georgia na Alabama karibu milioni 12 mwezi uliotangulia, zote mbili usiku, kwenye ABC, pasipo fainali yoyote. Nguvu ya SEC, kwa maoni yangu, ni kwamba imeenea: Alabama, Georgia, Texas, LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) na Tennessee, yeyote kati yao akikutana na mwenzake watu hukaa chini kutazama. Katika jimbo la Alabama hakuna timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, na chuo ndicho kinachobeba mapenzi ambayo kwingineko yangegawanyika. Big Ten ina kilele kirefu zaidi, ambacho ni Ohio State na Michigan: mwaka 2023 mechi yao ilipata milioni 19, na ili kupata mechi kubwa zaidi ya msimu wa kawaida ilibidi kurudi hadi LSU na Alabama ya Novemba 2011, iliyopata milioni 20. Kwa kilele, basi, una hoja. Kwa mechi ya katikati ya orodha, ningekuwa mwangalifu kumpinga jirani.

Msimu ujao, kama mnataka kumaliza jambo hili kwa haki, chagueni mechi za ndani ya konferensi tu, zilizoonyeshwa kwenye chaneli za bure, mkizilinganisha zile zilizochezwa saa ileile ya siku, ndani ya msimu mmoja. Daftari moja linatosha, na mwana wa dada yako na kijana wa jirani wanaweza kuwatumia namba kila Jumanne au Jumatano, zinapokuwa zimekamilika.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu wa hesabu katika komini ya Katuba. Nimesikia kwamba konferensi ya Pac-12 ilivunjika kwa sababu mechi zake zilichezwa usiku sana na hakukuwa na wa kuzitazama. Je, ni kweli?
Mwalimu, Katuba

JIBU: Mwalimu, ni kweli kwa sehemu tu. Konferensi hiyo ya pwani ya magharibi, yenye asili ya mwaka 1915, ililazimika kuweka mechi nyingi saa ambazo mashariki wamelala, na hilo lilipunguza thamani yake. Lakini tarehe 16 Septemba 2023 Colorado, chini ya kocha Deion Sanders, ilicheza na Colorado State kuanzia baada ya saa nne usiku kwa saa za New York, ikamaliza baada ya saa nane kwa muda wa nyongeza mara mbili, na bado ESPN ilipata wastani wa milioni 9.3. Watu hukesha wakiwa na sababu ya kukesha.

Kilichoiua zaidi ni njia ya kuwafikia watu. Mwaka 2012 ilifungua chaneli zake yenyewe bila mshirika mkubwa, na haikuwahi kukubaliana na DirecTV, mojawapo ya kampuni kubwa za setilaiti, kwa hiyo nyumba nyingi hazikuweza kuitazama hata zikitaka. Mechi ambayo haikufika nyumbani haiwezi kuonyesha kwamba ilipendwa, na wanunuzi wa haki hawalipi kwa mapenzi yasiyoonekana. Kisha mwezi Juni 2022 USC na UCLA zilitangaza kwamba zinahamia Big Ten, na jiji la Los Angeles likaondoka pamoja nazo. Mkataba mpya uliopendekezwa mwaka 2023, ambao ulitegemea huduma ya intaneti ya Apple na idadi ya watu watakaojiandikisha, haukuwatuliza waliobaki. Tarehe 4 Agosti Oregon na Washington zikaondoka, na vyuo vingine vitatu siku hiyohiyo. Msimu wa 2024 ulianza Pac-12 ikiwa na vyuo viwili, Oregon State na Washington State, ambavyo vilipambana kulihifadhi jina hilo na kutafuta wenzi wapya. Nawaheshimu sana kwa jambo hilo.

SWALI: Kaka Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uchumi hapa Goma, na nimesoma majibu yako ya awali juu ya vipimo vya televisheni. Ikiwa takwimu hizi zinayumba kwa saa, kwa chaneli na kwa kipimo, kwa nini nasikia kwamba huko ACC vyuo vinagawana fedha kwa kuzifuata?
Dada yenu, Goma

JIBU: Dada yetu, umesikia sawasawa. Florida State iliishtaki konferensi yake ya ACC mwezi Desemba 2023, na Clemson ikafuata mwezi Machi 2024, kwa hoja kwamba wao ndio wanaovuta watazamaji lakini wanapokea sawa na wote, huku mkataba na ESPN ukiwafunga hadi mwaka 2036. Mnamo Machi 2025 walipatana. Katika mapatano hayo, asilimia 40 ya fungu kuu la fedha za televisheni hugawanywa sawa, na asilimia 60 hugawanywa kwa kufuata idadi ya watazamaji wa kila chuo, ikihesabiwa kwa wastani wa miaka mitano. Miaka hiyo mitano ni busara, kwa kuwa inapunguza makali ya mechi moja ya bahati, ya ugomvi mmoja wa chaneli, na hata ya kubadilika kwa kopo nililolieleza hapo juu.

Kwa nini walikubali kipimo chenye kasoro? Kwa sababu watangazaji wa biashara walikwisha kukikubali. Nielsen hufanya kazi kama fedha ya noti: haihitaji kuwa kamilifu, inahitaji pande zote mbili za meza ziitambue. Bila hiyo, Florida State wangeleta namba zao, na chuo kingine kingeleta zake, na mahakama ingebaki kusikiliza sifa.

Lakini kuna jambo ambalo kwangu ni zito, na sioni likijadiliwa vya kutosha. Anayepanga saa na chaneli ni ESPN, si chuo. Chuo kidogo kama Wake Forest kikipewa mechi yake kwenye chaneli ya ACC yenyewe, ambayo si kila nyumba inayo, kitakuwa na watazamaji wachache. Kwa watazamaji wachache kitapata fedha chache. Kwa fedha chache kitapata wachezaji na makocha hafifu kuliko wenzake. Na msimu unaofuata mpangaji ataangalia timu hiyo na kuona sababu nzuri ya kutoipa ABC usiku wa Jumamosi. Clemson nayo itazunguka njia hiyohiyo kwa upande wa kupanda. Kama ningekaa katika kikao kile ningeomba kwamba watazamaji wa kila chuo wapimwe dhidi ya kile kinachotarajiwa kwa saa ile na chaneli ile, ili timu iliyopata milioni 1 mahali ambapo wengine hupata laki sita ilipwe kwa hiyo ziada. Hesabu hiyo inawezekana, maana namba za kila saa na kila chaneli wanazo tayari. Wewe unayesoma uchumi unaweza kuijaribu kwa msimu mmoja wa ACC, na ukifika mwisho tafadhali utuandikie tena, nasi tutaichapisha kazi yako hapa.